Tiger isiyo na mzinga: kreni ndogo iliyobatizwa jina lisilo lake

Kisa hiki kinahusu kifaru kilichopigwa picha Italia mwaka 1944, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Ni Tiger I ya Kijerumani, lakini mzinga wake wa milimita 88 haupo. Tundu la mzinga limefungwa, na kwenye tureti, yaani kile kichwa kinachozunguka, umesimikwa mkono wa kreni wenye winchi ndogo. Mtu akiiona mara ya kwanza hasiti: hili ni brekidauni la jeshi, limekuja kuvuta wenzake waliokwama. Washirika (Waingereza, Wamarekani na wenzao) walioikuta nao waliona hivyo hivyo. Jina la "Bergetiger", Tiger ya uokoaji, likaganda vitabuni na kwenye maboksi ya vifaru vya plastiki vya kuunganisha, na hadi leo picha inazunguka na jina hilo.

Kifaru chenyewe kilikuwa cha schwere Panzer-Abteilung 508, kikosi cha vifaru vizito kilichopelekwa Italia kupambana na Washirika waliotua Anzio, pwani ya kusini mwa Roma, Januari 1944. Mafundi wa karakana ndio waliokibadilisha, na huenda vilitengenezwa mpaka vitatu vya aina hiyo. Maelezo yanayokubalika zaidi sasa ni kwamba hakikuwa cha kuvuta chochote. Kilikuwa cha kubeba mzigo mkubwa wa baruti, kuutua mbele penye mabomu ya kutegwa ardhini, kurudi nyuma, na kuulipua. Swali ni namna ya kufika kwenye jibu hilo ukiwa na picha tu mkononi, tena picha chakavu isiyo na maelezo nyuma.

Anza chini, si juu

Kreni inavuta macho, na hapo ndipo watu wengi wanapopotea. Mafundi wa vitani walikuwa wakichomelea kitu chochote juu ya kifaru chochote. Magurudumu na cheni havibadilishwi hovyo namna hiyo, kwa hiyo utambulisho unaanzia huko.

Tiger I ina ekseli 8 kila upande, na magurudumu yamepangwa yakipishana na kuingiliana kama magamba ya samaki. Magurudumu ya mwanzo yalikuwa na mpira ukingoni, matatu kwa kila ekseli, jumla 24 kila upande. Kuanzia Februari 1944 kiwanda kilihamia magurudumu ya chuma, mawili kwa ekseli, 16 kila upande. Kipenyo kilibaki milimita 800 kwa aina zote mbili, jambo litakalotufaa baadaye kwenye vipimo. Usishtuke ukikuta gurudumu la nje la ekseli ya kwanza halipo. Mara nyingi walilivua kwa makusudi kwa sababu matope yalikuwa yakijazana katikati na kukaza cheni.

Kisha tafuta mbele ni wapi, maana tureti inaweza kuwa imegeuzwa na kukudanganya. Kwenye Tiger sproketi, gurudumu lenye meno linalovuta cheni, iko mbele, na mabomba ya moshi yako nyuma. Dereva anakaa kushoto na tundu lake la kuchungulia. Kulia kwake kuna bunduki ya rashasha ya mtu wa redio, kwenye mpira wa chuma. Ukiona rashasha iko kushoto na dereva kulia, picha imechapwa kinyume, negativu iligeuzwa. Hili si jambo adimu hata kidogo. Geuza picha kwanza kwenye kompyuta kabla hujasoma namba au alama yoyote, la sivyo kila hoja inayofuata itakuwa ya kioo.

Majirani wanaofanana naye

Kipindi hicho hicho, kwenye uwanja huo huo wa Anzio, kulikuwa na gari jingine la Kijerumani zito, lisilo na mzinga mkubwa na lenye kreni. Hilo kweli lilikuwa la uokoaji: Bergepanzer Tiger (P), lililojengwa juu ya bodi iliyobuniwa na Porsche. Yalitengenezwa 3 mwaka 1943, na moja lilifika Italia mwanzoni mwa 1944 pamoja na kampuni ya Elefant (magari mazito ya kuwinda vifaru) ya kikosi namba 653. Kwa hiyo picha yenye maelezo ya "Tiger ya uokoaji, Italia 1944" inaweza kuwa inasema kweli kabisa, ila ikizungumzia gari jingine.

Kuyatenganisha ni kazi ya sekunde kumi ukihesabu magurudumu. Bodi ya Porsche ina magurudumu 6 makubwa ya chuma kila upande, yamekaa moja baada ya jingine, hayapishani. Chumba cha askari kiko nyuma kama kibanda, kwa kuwa injini ziko mbele yake. Tureti inayozunguka hakuna. Gari letu lina tureti kamili ya Tiger, ile yenye umbo la kiatu cha farasi ikitazamwa kutoka juu.

Bergepanther, gari la uokoaji lililojengwa juu ya bodi ya kifaru cha Panther, haihitaji maneno mengi: nayo ina ekseli 8 zinazopishana, lakini tureti haina, na juu ya bodi kuna uzio wa mbao kama tela. Ina jembe kubwa la chuma nyuma na winchi ndani ya tumbo. Moja limehifadhiwa kwenye makumbusho ya Saumur, Ufaransa, na picha zake za rangi ni kipimo kizuri cha kulinganishia.

Wa tatu ni Sturmtiger, ambao unafaa kukumbukwa kwa sababu nyingine kabisa. Zilitengenezwa 18, zikiwa na kibanda kisichozunguka na mtambo wa roketi wa sentimita 38. Nazo zilikuwa na kreni ndogo! Kazi yake ilikuwa kuinua roketi moja moja, kila moja ikiwa na kilo kama 350, na kuiingiza ndani. Huo ni ushahidi wa kutosha kwamba kreni juu ya bodi ya Tiger si lazima iwe ya kuokolea kifaru. Inaweza kuwa ya kushika risasi nzito au baruti tu.

Mwaka unasomwa mwilini

Tiger ilibadilishwa kidogo kidogo kiwandani, na mabadiliko hayo ni kama pete za mti. Mnara wa kamanda juu ya tureti ulikuwa kama pipa lenye nyufa za kuchungulia hadi Julai 1943, kisha ukaja mfupi zaidi wenye periskopu, yaani vioo vya kuchungulia nje ukiwa ndani, kuzunguka. Kuanzia Agosti na Septemba 1943 bodi ilipakwa Zimmerit, lipu ngumu yenye mistari iliyokusudiwa kuzuia mabomu ya sumaku yasinate. Kwenye picha inaonekana kama ukuta uliochanwa kwa reki. Mwishoni mwa 1943 taa mbili za mbele zikawa moja katikati. Februari 1944, magurudumu ya chuma.

Ukikuta mnara mpya, lipu, taa moja na magurudumu ya mpira kwa pamoja, umebaki na kipande kidogo cha miezi: mwisho wa 1943 hadi mwanzo wa 1944. Lakini usifunge mjadala kwa dalili moja. Karakana zilibadilishana vipuri, na tureti ya zamani ilikalishwa juu ya bodi mpya mara nyingi tu. Zaidi ya hapo, tarehe ya kuundwa si tarehe ya picha. Kifaru cha 1943 kinaweza kuwa kimepigwa picha kikiwa kimetelekezwa kando ya barabara mwaka uliofuata.

Mzinga kutokuwepo nako kuna sababu zaidi ya moja. Wajerumani walipoacha Tiger iliyoharibika waliilipua wenyewe, na mtutu ulipasuka au kurudi ndani. Au mzinga ulitolewa kwenda kutengenezwa, na hapo kinga nzito ya chuma inayouzunguka hutoka nao, ikiacha mbele ya tureti uwazi mpana. Gari letu halina dalili za mlipuko wala halijaachwa wazi. Limefungwa. Mtu aliyelifunga alitaka askari wakae mle ndani na wakaribie risasi.

Soma kamba

Sasa tufike kwenye kreni. Kwanza tafuta kipimo. Gurudumu la Tiger ni milimita 800 na cheni ya vita ina upana wa milimita 725. Tuseme kwenye skani yako gurudumu lina pikseli 96: kila pikseli ni kama milimita 8.3. Kamba ya chuma inayoshuka kutoka kwenye roda, kile kigurudumu cha kupitishia kamba, ikiwa na unene wa pikseli 2, ni milimita 16 au 17. Kwa unene mdogo hivyo kosa la nusu pikseli ni kubwa, basi pima sehemu kadhaa za kamba, kwenye skani kubwa kabisa uliyo nayo, uchukue wastani. Picha iliyobanwa ya simu haifai. Kingo zake zimeyeyuka.

Kosa linalowashika hata wazoefu ni umbali. Gurudumu likiwa mita 12 kutoka kwenye kamera na ncha ya kreni ikiwa mita 9, kitu kilichoko kwenye ncha kitaonekana kikubwa kwa theluthi moja. Milimita 16 zako hapo ni 12 tu. Picha iliyopigwa ubavuni kabisa ndiyo ya kupimia. Iliyopigwa mbele kwa mshazari itumie kutambua umbo, si unene.

Tiger yenyewe imebeba mizani ya kulinganishia. Ubavuni kushoto huwa na kamba nyembamba ya kubadilishia cheni, urefu mita 15, unene milimita 14. Juu ya bodi kuna kamba mbili nene za kuvutana, milimita 32. Zikionekana pichani, huhitaji hesabu: linganisha kamba ya kreni na hizo mbili kwa macho.

Kwa makadirio ya haraka, chukua kipenyo cha kamba kwa milimita, kizidishe kwa chenyewe, gawanya kwa 20. Jibu ni tani ambazo kamba itakatikia. Ya milimita 14 inakatika karibu tani 10. Ya 32, karibu tani 51. Kwa kuinua mzigo juu ya vichwa vya watu, kubali moja ya tano tu: tani 2 kwa ile nyembamba, tani 10 kwa nene.

Weka hesabu hiyo kando ya kazi ya kuvuta Tiger. Kifaru hicho kina tani 57. Kanuni inayotumiwa na mafundi wa uokoaji ni kwamba gari lililozama hadi magurudumu linahitaji nguvu sawa na uzito wake kulitoa, likizama hadi kwenye mabawa ya juu ya cheni ni mara mbili, likizama hadi tureti ni mara tatu. Tani 57, 114, 171. Winchi ya Bergepanther ilikuwa na nguvu ya tani 40, ikizungushwa na injini, na kwa roda moja ya kurudishia unaifikisha karibu 80. Jembe lililozamishwa ardhini ndilo linaloizuia isiburutwe na mzigo wake. Winchi ndogo juu ya tureti haina hata kimoja kati ya hivyo.

Kuna na tureti yenyewe. Ina tani kama 11 na imekalia gololi za duara lake. Ukiivuta kwa kamba kutoka juu, mzigo wote unapita kwenye gololi zilizotengenezwa kubeba uzito wa kushuka na mshtuko wa mzinga, si kukokota. Fundi aliyekwishawahi kufungua duara hilo asingefunga winchi ya kuvutia pale. Angeifunga chini, kwenye bodi.

Uokoaji halisi wa Tiger ulifanywa na magari ya FAMO, Sd.Kfz. 9, yenye magurudumu mbele na cheni nyuma. Moja linavuta tani 18, kwa hiyo walifunga matatu kwa mfuatano, na matopeni hata zaidi. Tureti iliinuliwa kwa kreni ya miguu ya tani 15 hadi 16. Tiger kuvuta Tiger kulikatazwa kwa kuwa kuliua giaboksi na injini, ingawa askari walio chini ya makombora hawakusoma karatasi za makatazo.

Pingamizi lenye uzito

Hoja ya upande wa pili inastahili kusikilizwa. Bergepanther nayo ilikuwa na kikreni cha tani 1.5 tu, kwa ajili ya kuinua vipuri, na hakuna anayesema haikuwa ya uokoaji. Basi kwa nini Tiger hii isiwe vivyo hivyo: mzinga umeharibika, karakana ikaweka kikreni cha kunyanyulia magurudumu na vyuma vya kuunganishia, ikaitumia kama trekta?

Jibu liko kwenye vitu vinavyokosekana. Gari la kukokotea linajazwa vifaa mwili mzima: magogo, kamba za akiba, vyuma vya kuvutia, pingu za chuma, na walau jembe la kubahatisha nyuma. Kama kweli lilikuwa trekta, mabadiliko ya kwanza yangekuwa nyuma ya bodi, mahali kamba inapofungwa. Hapa yote yako kwenye tureti. Pia trekta haina haja ya tureti: toa, punguza tani 11, giaboksi ishukuru. Aliyeibakiza alihitaji kinga yake na uwezo wake wa kuzunguka huku mzigo ukining'inia.

Baruti ilivyokusudiwa kufanya kazi

Wazo la kutua baruti kwa kifaru halikuwa geni kwa Wajerumani. Tangu mwanzo wa vita askari wahandisi wao walikuwa na Panzer I, kifaru chepesi, iliyofungwa fremu nyuma, Ladungsleger, ya kudondosha mzigo wa kilo 50 hadi 75 juu ya ngome na vizuizi. Baadaye ikaja Borgward B IV iliyoongozwa kwa redio: inafika, inaachia kilo 450 mbele yake, inarudi nyuma. Na Goliath, kile kigari kidogo kinacholipuka pamoja na mzigo wake, kilitumika Anzio. Kampuni namba 313 ya magari ya redio iliingizwa ndani ya kikosi 508 chenyewe mwaka 1944. Kwa maneno mengine, watu waliojua kutega mizigo mikubwa ya baruti walikuwa kambi moja na Tiger.

Hatua zake ni hizi kwa mpangilio: mzigo unafungwa kwenye ndoano nyuma ya mstari, kifaru kinasogea hadi ukingo wa eneo la mabomu, winchi inaulegeza taratibu hadi chini, ndoano inaachia, kifaru kinarudi nyuma, mzigo unalipuliwa. Kwa hili kreni dogo linatosha kabisa. Kilo 450 ni kama robo ya zile tani 2 salama za kamba ya milimita 14. Ila mkono lazima uwe mrefu. Kutoka katikati ya tureti hadi puani mwa bodi ni kama mita 3, kwa hiyo ncha isiyovuka mita hizo itautua mzigo juu ya bodi yako mwenyewe. Hiki ni kipimo kizuri cha kufanya pichani: chora mstari wima kutoka kwenye roda ya ncha na uone unaangukia wapi.

Udhaifu wa mpango unaonekana bila kutafutwa. Mlipuko husukuma ardhi na kubonyeza visahani vya mabomu yaliyo karibu, lakini nguvu inaporomoka haraka kwa umbali. Ukiongeza baruti mara mbili, umbali wa kufika mlipuko unaongezeka kwa asilimia 26 tu. Kuuongeza mara mbili unahitaji baruti mara nane. Njia ya mita mia moja ingedai safari nyingi za kwenda na kurudi, kila mara mzigo ukining'inia nje ya chuma cha milimita 100, wazi kwa vipande vya makombora. Kila mlipuko pia unaacha shimo ambalo kifaru kinachofuata lazima kilipite. Hakuna kumbukumbu inayothibitisha kwamba magari haya yaliwahi kutumika hivyo vitani.

Namna ya kuandika maelezo yake

Kwa anayepanga picha za namna hii, tenganisha kinachoonekana na kinachodhaniwa, na usilifute jina la zamani, kwa sababu atakayeitafuta picha atatafuta kwa jina hilo. Maelezo yanayofaa ni haya:

"Tiger I ya schwere Panzer-Abteilung 508, Italia, 1944. Mzinga umeondolewa na tundu kufungwa. Kreni ndogo yenye winchi kwenye tureti. Badiliko la karakana ya kikosi, yaelekea kwa kubeba baruti ya kulipulia mabomu ya ardhini. Hujulikana pia, kimakosa, kama Bergetiger."

Nyuma ya nakala ongeza kwa penseli aina ya magurudumu, aina ya mnara, lipu ipo au haipo, na kama picha iligeuzwa ulipoipata.